Ukuta na Mfuko wa Sketi

Katibu, kama hujui kitu, uliza. Rasimu yako ya wasifu huu inasema kocha wetu alikosa kombe "kwa uzembe wake". Umenakili maneno yaliyo chini ya picha yake ya fainali iliyo koridoni, basi, ukajiona umemaliza kazi. Nimeichana. Sasa kaa usome wangu, mimi niliyeishia darasa la nne.

Tarehe thelathini Juni kocha anastaafu baada ya miaka arobaini na miwili ya tenisi: kumi na mitano akicheza kwa kulipwa, ishirini na saba akifundisha hapa klabuni. Tulimwita Ukuta, maana kila mpira uliompigia ulikurudia. Mpinzani mmoja, pande la mwanamke, alichoka naye hadi akaketi katikati ya uwanja na kuomba maji.

Ila kufundisha ndiko kulikomtoa jasho. Mke wa mweka hazina amejifunza kuanzisha mpira miaka sita, na hadi leo unatua juu ya paa la jikoni. Ukuta hakumkatia tamaa. Alinunua ngazi.

Sasa hiyo fainali. Mshonaji wa klabu ni mimi, tangu enzi hizo. Sketi yake ilitakiwa kuwa na mfuko wa kuwekea mpira wa pili, wa akiba. Niliushona asubuhi ile ile, mkono kwenye cherehani, macho kwa mlinzi wa geti, ambaye leo ni babu wa wajukuu zangu. Mshono ukaachia uwanjani. Mpira ulipodondoka mara ya kwanza, mwamuzi aliamuru pointi irudiwe. Ulipodondoka tena, kwenye pointi ya mwisho, akampa mpinzani pointi, ndivyo sheria inavyotaka. Kombe likaenda.

Waandishi walipomuuliza, alisema aliuweka mpira vibaya. Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo nikilia, nikitaka kwenda kusema ukweli. Akanishika mkono.

"Dada, nyamaza. Mimi watanizomea wiki moja. Wewe watakufukuza."

Wiki hiyo imekuwa miaka thelathini na mmoja, nami nimenyamaza kama gunia.

Asante, Ukuta, mdogo wangu. Nenda kapumzike, magoti yamelalamika vya kutosha. Uamke saa unayotaka, na ukiona mpira, uupite kama mtu usiyemjua.

Na wewe Katibu, chukua bisibisi ushushe ile picha. Futa uzembe, andika: "Mfuko ulishonwa vibaya na mshonaji." Niletee nisome, kisha uitundike. Ukuta asiingie ukumbini kuagwa kabla wino haujakauka.