Kumuaga Mwalimu Melchior, na Ombi Kuhusu Simu ya Ofisi

Mama Mkuu wa shule yetu, Bibi Gahongayire; Bwana Damascène, uliyeziacha kazi za wizara huko Kacyiru kwa ajili yetu; walimu wetu wapendwa; wazazi mliotoka Nyakabanda na Rwezamenyo; na ninyi wenzangu wa madarasa yote: ninamsalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Béatha, wa mwaka wa tano. Nimetumwa na chama cha kompyuta kumuaga Mwalimu Melchior, ambaye mkataba wake umekwisha na kesho anarudi kwao Bukoba. Ninasema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichotufundishia, sisi wa Kigali pamoja na wenzetu waliotoka Bujumbura na Goma. Mnisamehe nikisema haraka. Tangu asubuhi siwezi kukaa mahali pamoja, na sababu yake mtaisikia.

Wapo wanaouliza, kituo cha Melchior ni kitu gani hasa? Ni kompyuta moja katika ofisi ya Mama Mkuu, na kisanduku kidogo kiitwacho modemu, kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza kwa simu. Kila siku saa sita na nusu mchana, ofisi inapofungwa kwa chakula, kompyuta yetu huipigia kompyuta ya rafiki yake Mwalimu huko Nairobi. Zinapigiana kelele kama vifaranga walionyimwa mtama, zinapeana barua, zinakata. Dakika mbili, pengine tatu. Nairobi huzipeleka Ulaya, na huko upo mlango wa kuingilia Intaneti, ule mtandao mkubwa wa vyuo vikuu. Njia hii haikujengwa na kampuni. Imejengwa na watu wanaoipenda tu kazi hii, kila mmoja na kompyuta yake na simu yake, wakipokezana barua za watu wasiowajua.

Mwalimu, mwanzoni tulikuhangaisha. Ulitaka tukate salamu ili barua ziwe fupi, Xavérine akakujibu, "Mwalimu, nisipomuulizia shangazi, nyumbani watasema nimeharibika." Ukacheka, ukatuongezea dakika. Na wewe Mama Mkuu, kwa ruhusa yako, siku ya kwanza uliunyanyua mkono wa simu ukapaza sauti, "Allô! Allô! Nani anapuliza filimbi ndani ya simu yangu?" Barua zote zikakatika. Lakini ni wewe uliyeandika baadaye, kwa mkono wako, "Saa sita na nusu, usiguse," ukaibandika karatasi hiyo juu ya simu. Hatujasahau.

Sasa nieleze kosa langu. Xavérine na jamaa zake waliikimbia Byumba kwa sababu ya vita. Njiani begi lilipotea, na ndani yake ilikuwamo anwani ya kaka yake, Léonce, anayesoma Ubelgiji. Alikumbuka jina la mji tu, Liège. Mwalimu alikuwa na rafiki Brussels ambaye angeweza kumtafuta kimya kimya, basi Xavérine akamwandikia kaka yake barua, akamsimulia hata mambo ya bweni, nami nikapewa kazi ya kuituma. Kituo kina sehemu mbili: sanduku la barua za siri, na ubao wa matangazo ambao kila mtu mtandaoni anausoma. Mimi nikaibandika barua ubaoni.

Baada ya siku mbili majibu yakaanza kuingia. Mwalimu mmoja wa Lusaka aliuliza maharagwe ya bweni letu huchemshwa kwa muda gani hata yabaki magumu namna hiyo. Mtu wa Dakar alimtumia salamu Mama Mkuu, "ambaye bweni zima hunyamaza likisikia viatu vyake."

Xavérine alinijia mbio. "Béa, umeniua! Mambo yangu iko kwa watu wote? Hata Dakar? Sha, uso huu nitauficha wapi?"

Mwalimu hakunigombeza. Alisema, "Barua ikishapita Nairobi hairudi, mwanangu. Kaa chini uandike nyingine, uwaombe radhi." Nikaandika.

Siku ya kumi na moja ikaingia barua kutoka Liège. Mwanafunzi mmoja wa huko, mtu tusiyemjua kabisa, alikuwa ameisoma ile ya Xavérine kwenye Intaneti, akaichapa, akaibandika ukutani penye ukumbi wa chakula. Barua iliyoingia ilikuwa fupi: "Xavérine, nimeisoma nimesimama, sahani mkononi. Mama yu hai? Léonce."

Mama yu hai. Yuko kambini, na tangu siku hiyo kila wiki anaambiwa mwanawe amesema nini.

Ndugu wageni, jana asubuhi tulisoma tangazo kwamba kituo kimefungwa, kwa kuwa Mwalimu anaondoka na hakuna mtu mzima wa kukisimamia. Sisemi kwamba Mama Mkuu amekosea. Simu ni moja, na kuiacha mikononi mwa wasichana si jambo dogo. Lakini Mwalimu alitufundisha kufunga barua, kupiga, kukata, na kuandika kila simu katika daftari. Alitufundisha hayo ili iwe nini, kama si ili aweze kuondoka?

Ninaungama mbele yenu wote. Jana saa sita na nusu, Mwalimu akiwa mjini kwa mambo ya safari, niliingia ofisini peke yangu nikapiga. Zilikuwapo barua kumi na tisa, zote ziliondoka. Nikaandika daftarini: Béatha, dakika mbili na sekunde kumi. Nilijua imekatazwa. Adhabu nitaipokea yote, na wenzangu hawamo.

Ninaomba jambo moja tu. Bwana Damascène, Mama Mkuu, mtupatie mwalimu yeyote wa kukaa nasi ofisini dakika tatu kwa siku, hata asipojua kompyuta. Akae tu. Mengine tunayaweza.

Mwalimu Melchior, umetufikisha mbali bila kututoa Kigali. Nenda salama, utusalimie Bukoba yote.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa, asanteni sana. Sitarudi kuketi. Ninakwenda kusimama mlangoni pa ofisi, Mama, nikungoje uniambie niingie au niondoke.