Feni Inazunguka

Kijiwe chetu kiko Ipogolo, pale malori yanapovuta pumzi kabla ya kukikabili kilima cha kwenda Iringa mjini. Benchi ni ubao mmoja juu ya rimu mbili, birika ni la Isihaka, na pembeni kuna tairi la lori tulilolijaza udongo. Tairi hilo lina sheria yake. Aliyeharibu kazi ya mtu hakai kwenye benchi, anakaa kwenye tairi, na kahawa haionji mpaka yule aliyekosewa ampelekee kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Sheria hiyo niliitunga mimi, Benjamini, fundi pikipiki. Shule yangu ni macho yangu, na kibao cha gereji yangu kimeandikwa KWELI TUPU. Wa mwisho kukalia tairi alikuwa Danieli, fundi umeme. Nilimkalisha mimi. Alikaa asubuhi nane za mwezi wa nne bila kahawa. Ya tisa akapanda basi la Mafinga na kisanduku chake cha waya.

Kisa chake kilikuwa pikipiki ya Faustina, mzaliwa wa Kalenga, anayepandisha maziwa mjini. Injini yake ilikufa, nikamfungia ya guta, lile la magurudumu matatu, inayopozwa kwa maji. Rejeta nikaikaza nyuma ya gurudumu la mbele, feni nyuma ya rejeta. Waya akafunga Danieli. Tangu hapo, kwenye tambarare inakwenda kama mchumba anayeitwa ukweni, ikigusa kilima inachemsha. Nikasema ni waya. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, na Faustina akaniamini.

Sasa ni Julai, baridi inang'ata masikio, na Faustina huyo anaishusha pikipiki mkononi.

Faustina: Kamwene.

Sote: Kamwene.

Faustina: Kona ileile, fundi. Maziwa ya wateja yameharibikia njiani nikisubiri ipoe. Hoteli moja imeshaniambia nisirudi. Nikikosa na ya pili, nauza ng'ombe.

Mimi: Nilishasema, ni waya za yule bwana.

Aliyedakia ni Breki. Jina lake Yohane, dereva wa lori mstaafu, na huwa hasimami akishaanza.

Breki: Waya zinahusu nini? Ni kilima! Injini ya guta imezoea kubeba matofali huku bondeni. Ukiipeleka juu inapanda presha. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno.

Isihaka: Wengi gani, Breki?

Breki: Lita arobaini za maziwa ni chache?

Sindano: Nyie mnaongea kama watu wasiofuga.

Huyo ni Yotamu, muuza dawa za mifugo. Kwake hakuna kitu kisicho na ugonjwa.

Sindano: Ng'ombe akipandwa na homa huulizi kilima, unauliza ana nini tumboni. Hiyo injini ina minyoo.

Breki: Minyoo ya injini!

Sindano: Kutu ni nini, kama si mnyoo wa chuma? Msagie vidonge viwili kwenye rejeta. Mficha uchi hazai.

Faustina: Sitaki izae, kaka. Nataka ifike mjini.

Isihaka alikuwa anamimina. Babu yake aliipandisha kahawa huku kutoka Pangani, na kila jambo analipima kwa birika.

Isihaka: Mimi nasema, maji ya huku juu yanachemka upesi. Birika langu shahidi. Na wahenga wa kwetu wanasema jifya moja haliinjiki chungu.

Breki: Hapa mafiga yako wapi? Pikipiki ina magurudumu mawili.

Sindano: Ewaa! Umelisema! Injini ya guta ilizoea matatu. Inalitafuta gurudumu lake la tatu halipo. Inalia. Huko kuchemka ndiko kulia kwenyewe.

Breki: Jamani... hilo lina mantiki.

Nikapiga ngumi ubao mpaka vikombe vikaruka. Mimi upuuzi hauniingii, hasa ukiwa juu ya kazi yangu.

Mimi: Hailii! Ni waya! Na mkikuta kosa la mkono wangu kwenye mashine ile, nitakaa kwenye tairi mimi mwenyewe.

Faustina: Danieli alikuomba uangalie feni. Akiwa palepale kwenye tairi. Ukamkatalia hata kuigusa.

Mimi: Feni inazunguka, dada! Sasa niiangalie nini? Sikiliza!

Nikaiwasha. Tukaiacha iungurume, na ilipopata joto, feni ikaitika, vuuuu. Nikawageuzia mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo akasogea mama mmoja mgeni, khanga kichwani, nyingine mabegani. Jina lake Mama Tupokigwe, mtu wa Mbalizi, alikuja kumwona mwanawe na sasa anasubiri basi la kurudi Mbeya. Akasimama mbele ya pikipiki na kuikunjua mikono yake.

Mama Tupokigwe: Ndaga, asanteni wanangu. Mmeniwashia jiko.

Breki: Karibu mama, jipashe. La bure hilo.

Mama Tupokigwe: Joto zuri. Ila niwaulize, mimi si fundi. Hii feni inapoza nini?

Mimi: Injini, mama. Inavuta upepo kutoka mbele, unapita kwenye rejeta, unakwenda nyuma.

Mama Tupokigwe: Haya. Mbona upepo unakuja kwangu?

Isihaka akachana kipande cha gazeti la kufungia kashata, akakiweka mbele ya rejeta. Kilitakiwa kinate pale kama stempu. Kikaruka, kikatua mapajani mwa Breki.

Breki: Inazunguka kinyume!

Sindano: Kwa hiyo kwenye tambarare upepo wa mwendo unaishinda nguvu...

Breki: ...na kilimani mwendo ukipungua, feni inamtapikia mtu joto lake mwenyewe. Waya zimegeuzwa! Hasi imekaa kwa chanya. Fundi, ulisema kweli. Ni waya!

Sindano: Danieli kabisa!

Isihaka: Tairi halikukosea.

Faustina akanitazama kwa aibu. Akachukua kikombe kwa Isihaka, akaniletea kwa mikono miwili.

Faustina: Nisamehe, fundi. Leo nilikushuku wewe.

Nikakipokea. Nitasema na hili, maana kibao changu kinanisuta: nilikaa nacho kimya mpaka kikapoa. Macho yangu yalikuwa kwenye lile fundo la waya wa feni. Danieli hufunga safi, kisha huzungushia uzi mwekundu kwenye chanya ili asiyejua asikosee. Pale hapakuwa na uzi. Palikuwa na mizunguko mitatu na tepu ya bluu, na Iringa nzima anayefunga hivyo ni mmoja. Danieli alipomaliza kazi, mimi nilifungua fremu niipige rangi. Waya za feni zilinizuia, nikazikata. Uzi mwekundu niliupuliza chini pamoja na vumbi. Kisha nikaunga mwenyewe: mashine nilizojifunzia, mweusi ndio hasi. Feni ile hasi yake ni kijani, mweusi ni chanya. Ikazunguka, nikasikia, nikaridhika. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona kama kuna la kuambia.

Nikairudisha kahawa mkononi mwa Faustina.

Mimi: Hii sinywi.

Faustina: Imepoa?

Mimi: Ni mimi niliyeziunga. Danieli alizifunga sawa. Nilizikata nikapiga rangi, nikaziunga kwa mazoea.

Breki: Acha utani, fundi.

Mimi: Tazama tepu.

Wakainama wote watatu. Hakuna aliyeleta methali.

Nikageuza zile waya mbili. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kashata. Isihaka akarudisha kile kipande cha gazeti, kikanasa kwenye rejeta, tii.

Mama Tupokigwe: Eh! Jiko langu mmelizima.

Faustina akapanda pikipiki yake. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema tu, "Na mimi nilimnyima kahawa siku nane, kwa mdomo wako," akaondoka. Tulimsikiliza akipanda, kona ya kwanza, ya pili, ile kona yenyewe, mpaka mlio ukapotelea mjini bila kukatika.

Nikaenda kukaa kwenye tairi.

Isihaka akamimina mzunguko mwingine, akanipita, kama sheria inavyotaka. Mama Tupokigwe akaona.

Mama Tupokigwe: Na huyu mwenzenu mbona mmemruka?

Isihaka: Huyo mpaka apewe na aliyekosewa, mama. Ndiyo sheria yetu.

Mama Tupokigwe: Amemkosea nani?

Isihaka: Danieli. Yuko Mafinga.

Mama Tupokigwe: Mmoja wenu amewahi kumpigia, tangu aondoke?

Breki akatazama viatu vyake. Sindano akahesabu malori. Isihaka akalitikisa birika, nasi tukasikia ni masimbi tu ya kahawa yaliyobaki chini. Basi la Mbeya likapiga honi, mama akajifunga khanga vizuri, akatuaga mmoja mmoja, hata mimi.

Nikabaki pale. Umande ulikuwa umelilowesha tairi, na maji yakaanza kupenya kwenye suruali, baridi mpaka kwenye mfupa. Na hii ni Julai, kiangazi. Danieli alilikalia mwezi wa nne, mvua ikinyesha, asubuhi nane, na kitu pekee alichoniomba ni niangalie feni.