Tangazo la Fundi Magodoro

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao ukutani kwa kinyozi, nyuma ya soko. Birika langu la kahawa ndilo linalokifanya kiwe kijiwe. Mengine ni kelele tu. Mbele yetu kuna chumba cha Sufi, fundi magodoro, anayejaza sufi kwa mkono huku anapiga chafya kutwa nzima. Wateja wamehamia magodoro ya kiwandani, na mwenye nyumba kashamwambia mwezi ukiisha chumba anapewa muuza simu. Asubuhi hiyo Sufi alikuja kanuna kuliko kawaida.

— Jamani, leo kuna nini? Watu wanachungulia mlangoni, wakiniona wanakimbia! Mama mmoja kabeba godoro lake halijajaa, hata salamu hakuitikia.

— Hujulikani, bwana, alisema Mhariri. Huyu hajahariri kitu maishani. Aliwahi kuuza magazeti tu. — Biashara bila vyombo vya habari ni kuimba umejifunika blanketi. Mficha uchi hazai!

— Chema chajiuza, nikasema mimi.

— Kingekuwa kinajiuza, angekuwa hapa saa hizi? Bondia alidakia. Ni fundi viatu, hajawahi kumpiga hata mbu. — Aite mwandishi, amlaze kwenye godoro. Akiamka ataandika.

— Godoro si habari, alisema Mhariri. Ajabu ndiyo habari. Tuseme ndani ya sufi amekutwa chatu.

— Chatu mmoja hatoshi siku hizi, Bondia akaongeza. Tuseme kataga mayai, na aliyelalia mayai kapona mgongo. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tupige simu leo leo!

— Mimi sicheki, alisema Sufi. Nina watoto. Chumba kikienda nitashonea wapi, kichwani?

Mhariri alimpiga begani.

— Tulia. Jana jioni jina lako limesomwa redioni.

— Tangazo la biashara? Nani kalipia?

— Nani kataja biashara? Tangazo la biashara likianza, watu wanazima redio. Lakini saa ya vifo, mtaa mzima unanyamaza, hata mtoto akilia anazibwa mdomo. Nikapeleka hivi: fundi magodoro hodari wa nyuma ya soko amefariki ghafla, magodoro yake yanaendelea kupatikana.

Kahawa ikanimwagikia mguuni.

— Umeniua?

— Kidogo tu. Kesho tunakanusha, na kukanusha nako ni habari! Utasikika mara mbili. Kufa kufaana, bwana.

Bondia alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hata mimi nilicheka. Sufi alikuwa kamkazia macho Mhariri.

— Ulinitaja jina?

— Lazima. Na mama yako pia. Redio haipokei msiba bila mzazi kutajwa, wanaogopa utani.

— Mama anasikiliza hayo matangazo kila jioni, Sufi alisema polepole. Anataka kujua nani kafiwa, amwendee.

Simu yake ilikuwa mbovu tangu juzi. Akachukua ya Bondia, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

— Wazee hao, simu wanaiacha chumbani, alisema Mhariri, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke kajifunga kanga kiunoni, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye nyusi.

— Samahanini. Msiba wa fundi magodoro uko wapi?

Sufi akainuka.

— Mdogo wangu!

Mwanamke alimshika mashavu, akampapasa mabega, kisha akakaa chini palepale.

— Kaka, uko hai.

— Niko hai. Mama yuko wapi?

— Alikuwa anachambua mboga. Aliposikia jina lako akamuuliza jirani, "Wamesema nani?" Jirani akarudia. Akalala ubavu, kaka, hakuamka tena. Nimekuja kuchukua maiti yako. Kule wamechimba makaburi mawili.

Sufi akauegemea ukuta wa kinyozi. Alilia kwa mabega tu, na ilituuma kumtazama.

Dada mtu akajifuta uso kwa pindo la kanga, akatugeukia.

— Nani kapeleka lile tangazo?

Bondia aliokota kofia yake. Mhariri aliangalia ndani ya kikombe kisicho na kitu. Mimi nilishika birika, sikumimina. Dada akauliza tena.