Maisha ya Mwalimu Solfa, Aliyelitungia Muziki "Koti la Kijivu"

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, mchana, fundi cherehani alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa hospitalini, cheti mkononi, watu wawili mbele yake. Muuguzi wa wodi ya wanawake akaja akamshika kiwiko.

"Baba, njoo ukae kidogo."

"Nikitoka hapa, mwanangu, nimepoteza zamu."

"Zamu mwachie mwenzio, baba."

Fundi akamtazama usoni, kisha akakitazama cheti. Alimgeukia mama aliyesimama nyuma yake akamwambia, "Pita, dada. Mimi sina haraka tena." Hivyo ndivyo habari ya kifo cha Mwalimu Solfa ilivyomfikia mume wake, naye ndiye aliyeileta nyumbani, kwa miguu, cheti kile bado kikiwa mkononi.

Mwalimu Solfa alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa karakana ya reli, mlango wa nne kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mchomeleaji na mama yake mkunga. Alibatizwa akiwa na miezi miwili, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakulia maji yalipomgusa, ila alilia kinanda kiliponyamaza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana kuanzia mwaka 1964. Huko alitolewa nje mara nyingi kwa kosa la kupiga dawati kwa vidole. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwa wazazi kwamba binti yao akipiga polepole, darasa zima linaandika polepole, na akipiga haraka, wote wanamaliza kabla hawajafikiri. Aliendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1976. Kinanda alifundishwa na mpiga kinanda wa kanisa, mzee mkali asiyependa kusifu. Kinanda chenyewe kilikuwa na vitufe viwili vilivyokufa. Marehemu alizoea kuupitisha mkono juu ya ukimya ule na kuendelea, kama mtu anayeruka dimbwi.

Alifundisha muziki katika shule ya msingi kwa miaka arobaini, na tangu mwaka 1979 aliongoza kwaya ya kanisa letu. Jina la Mwalimu Solfa alipewa na wanakwaya. Akikasirika hakugomba; alikuimbia kosa lako kwa solfa, yaani do-re-mi, mbele ya watu wote, mpaka ulijue kuliko wimbo wenyewe.

Mwaka 1984 mwongozaji wa filamu alikuja kanisani kwenye harusi ya mpwa wake. Kwaya ilipomaliza alimfuata Mwalimu nje, kofia mkononi.

"Mwalimu, nina jasusi wangu anapanda ngazi, na hakuna anayemwogopa."

"Nionyeshe hizo ngazi," marehemu akasema.

Akapewa chumba nyuma ya studio ya picha, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Huko aliitazama filamu ya "Koti la Kijivu" bila sauti, tena na tena, akijipiga goti kwa vidole na kuandika solfa kwa penseli. Alisema jasusi akitembea bila muziki ni mtu tu aliyeisahau nyumba ya shangazi yake. Alitunga muziki wa ngazi, muziki wa kufukuzana sokoni, muziki wa barua inayochomwa, na mwishowe wimbo mkuu, ule wa mwisho wa filamu watu wanapoinuka kwenye viti. Uliimbwa na sauti nzito za kwaya yetu pamoja na tarumbeta moja ya kuazima. Wengi mnaukumbuka ule ukimya wa ghafla katikati ya wimbo. Mwongozaji aliusifu sana. "Mwalimu, huo ukimya unatisha! Umeupata wapi?" Marehemu akamjibu, "Ni vitufe viwili, baba. Vilikufa zamani."

Si wote waliofurahi. Wazee wa kanisa walimwita kikaoni. "Mwalimu, asubuhi kwaya inamwimbia Bwana, jioni inamwimbia jasusi?" Akasema, "Wazee wangu, Musa alituma wapelelezi kumi na wawili. Ningekuwapo, wangeingia Kanaani na tarumbeta." Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, na kikao kikafungwa kwa sala.

Ni katika chumba kile chenye mablanketi ndipo alipokutana na mumewe. Fundi alileta koti la mchezaji mkuu lijaribiwe kwa picha za kurudiwa, akamkuta dada mmoja ameinamia meza, anaguna kwa sauti ya chini.

"Dada, unaumwa?"

"Naimba."

"Pole."

Marehemu alicheka siku nzima. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Ilikuwa ndoa ya mwenye masikio na asiye nayo. Fundi mwenyewe alikuwa akisema kwamba masikio yake ni ya kuwekea penseli. Kanisani alijua wimbo umekwisha kwa kuona watu wanakaa. Wimbo wa mke wake ulipigwa redioni, ulipigwa kwenye maduka, ulipigiwa miluzi na watu wasiomjua mtunzi, na mara nyingi fundi alimuuliza, "Huu ni wako au ni wa mtu?" Naye marehemu alikuwa akimjibu, "Shona, baba watoto, shona." Waliishi hivyo kwa furaha zaidi ya miaka thelathini.

Marehemu alistaafu mwezi Mei 2017. Jumapili ya tarehe 11 Juni, kwaya ikijiandaa kabla ya ibada, aliinua mkono kuwaanzisha, na mkono haukufika juu. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Alitoka wodini akiwa hawezi kutaja jina la mtu yeyote. Hata ndiyo na hapana zilichanganyika. Alitikisa kichwa kukubali chai, kisha akaisukuma. Wiki ya tatu nyumbani, alfajiri, akaguna sauti. Haikuwa na neno hata moja, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho. Daktari alitueleza kwamba maneno na nyimbo havikai chumba kimoja kichwani. "Chumba kimoja kimefungwa," akasema. "Kingine kiko wazi. Mshukuruni Mungu kwa hicho."

Tulishukuru. Lakini Mungu katika hekima yake alikuwa amemwachia mlango mmoja tu, na mlangoni akamweka mume asiyejua kutofautisha wimbo na mgongano wa sufuria.

Binti yao ndiye aliyeng'amua kwanza. Alikuwa amekuja kuwajulia hali, akamsikia mama yake chumbani, akapiga kelele, "Baba! Hiyo ni ya kufukuzana!"

"Kufukuzana na nani?"

"Ya kwenye filamu, baba! Mama anataka chooni, mbio!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Kumbe marehemu alikuwa akiwasemesha kwa filamu. Muziki wa ngazi ulimaanisha anataka kuinuliwa akae. Muziki wa barua inayochomwa ulimaanisha joto, fungueni dirisha. Binti akamwachia baba yake filamu ile kwenye kompyuta, naye fundi akawa anaitazama kila alasiri kama mwanafunzi wa mtihani. Sikio lilikataa. Basi akakaa kwenye cherehani yake bila kitambaa, akaukanyagia kila muziki pedali, na kile sikio lilichokataa mguu ukakishika. Ikawa mkewe akiguna, fundi anatazama chini, mguu unapiga, kisha anainuka na kuleta anachotakiwa kuleta. Mjukuu mmoja alisema babu anasikia kwa kiatu.

Wimbo mkuu nao ulikuwa na kazi yake. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona, wakakaa sana. Marehemu akaanza kuuguna ule wimbo maarufu. Wakafurahi, wakapiga makofi, mmoja akamwaga machozi. "Jamani, Mwalimu wetu anatuimbia! Tena, Mwalimu, tena!" Akarudia. Wakakaa tena. Fundi alikuwa mlangoni anatoka jasho, kwa sababu yeye alikwishajua kwamba wimbo unaopigwa watu wakiinuka kwenye viti ulikuwa na maana moja tu. "Mama zangu," akasema mwishowe, "anawashukuru sana. Anawatakia safari njema."

Mwezi Oktoba mwaka jana ukaja wimbo mwingine. Ulikuwa mfupi. Ulipanda kidogo, ukakaa palepale juu bila kushuka. Aliuguna huku akimtazama mumewe usoni, akangoja. Mguu wa fundi ulipiga, ukasimama. Haukuujua. Akamletea maji, akayasukuma. Akamletea shuka, Biblia, kioo, picha za watoto. Akamwinua, akamlaza. Akafungua dirisha, akalifunga. Marehemu akauguna tena, polepole zaidi, kama anavyofundishwa mtoto mzito, kisha akageuzia uso ukutani.

Tuliutafuta wimbo ule kwa kila njia tuliyoijua. Binti aliurekodi kwa simu. Tuliitazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho, haumo. Tulipitia kitabu cha nyimbo cha kanisa, haumo. Dada yake mkubwa alisema si bembelezo la nyumbani kwao. Mwalimu mpya wa kwaya aliuandika kwa solfa bila kukosea, akampa fundi karatasi. Fundi akaigeuza pande zote mbili. "Asante, mwanangu. Sasa wimbo unasema nini?"

Januari akaletwa mwongozaji wa filamu, mzee sasa, anashikwa mkono. Alikaa kando ya kitanda akausikia mwenyewe.

"Kuna mahali tulipaondoa kwenye filamu," akasema. "Sikumbuki kama palikuwa na muziki. Jasusi yuko jikoni na mkewe, wanamenya viazi. Hawasemi kitu. Niliona panachosha."

"Wanamenya tu?" fundi akauliza.

"Wanamenya tu, ndugu yangu."

Asubuhi yake fundi alimbeba mkewe hadi jikoni, akamkalisha kwenye kiti chenye mito, akaweka beseni la viazi katikati yao, akaanza kumenya. Alisema baadaye kwamba alikuwa na hakika. Alikuwa amevaa hata koti. Marehemu aliitazama mikono yake, akakitazama kisu, akavitazama viazi. Halafu akauguna wimbo uleule, akimtazama, akangoja. Haikuwa hivyo. Fundi aliendelea kumenya mpaka beseni likaisha, kwa kuwa hakujua la kufanya mikono yake ikikaa bure.

Mchungaji alimwambia kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. "Najua, baba mchungaji," fundi akajibu. "Lakini huyu ananiomba mimi."

Mwanzoni mwa Machi kifua kikamshika, akalazwa tena. Aliuguna wimbo ule kila siku, kwa pumzi iliyozidi kupungua, mpaka ikabaki ile sehemu ya kupanda tu. Alhamisi asubuhi daktari aliandika dawa nyingine. Fundi alimwinamia mkewe akamwambia, "Mama, naenda dirishani tu, narudi." Mkewe akauguna akimtazama. Fundi akasema, "Nimesikia," akatoka. Fundi akiwa kwenye foleni, marehemu alifariki, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshikwa na muuguzi, ambaye alitueleza kwamba aliondoka bila kuhangaika.

Ijumaa binti yake alipendekeza kwamba kwaya iugune wimbo ule kaburini, kwa heshima. Wengi tuliona ni vizuri. Fundi alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa.

"Msiuimbe," akasema. "Lile lilikuwa ombi. Mtu hakupewa alichoomba, halafu asimamiwe aimbiwe? Imbeni za kitabuni."

Hakuna aliyebishana naye, na leo zitaimbwa za kitabuni.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mwalimu, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada mkubwa na wadogo zake wawili, na wanakwaya wa vizazi vitatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, Mchungaji, akina mama wa kanisa, mwongozaji wa filamu, na wote waliousikiliza wimbo ule nyumbani kwetu na kujaribu kuujua.

Jana, Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda kumvika. Gauni jeupe alilishona mumewe kwa vipimo vya miaka yote, maana hakutaka kumpima upya. Lilikuwa kubwa. Fundi aliomba pini, akalikaza mgongoni, akanyoosha kola, akafunga vifungo vya mikono, kimoja kimoja. Alimwekea mkono wake uliopooza juu ya ule mzima. Kisha akasimama kando ya jeneza, akangoja kidogo, kana kwamba mke wake angesema neno. Mwana wake akamuuliza, "Tufunge, baba?" Akasema, "Fungeni." Akatoka nje akakaa kwenye benchi pamoja na wajukuu.

Mungu anajua marehemu alikuwa anaomba nini. Sisi hatukujua. Na alipate ombi lake kwa Mungu, apumzike kwa amani.