Kobe Anazikwa Mara ya Pili

Baba Askofu, ndugu watawa, majirani, na nyote mliotembea nasi asubuhi hii: huu ni wasifu wa pili wa mtu mmoja. Wa kwanza aliusoma baba yetu mdogo nyuma ya nyumba yetu, tarehe 13 Oktoba 2015, na ulikuwa na uongo ndani yake. Ulisema, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi." Aliyeuandika ni mimi, dada yake mkubwa, fundi cherehani. Leo mwili wake unahamishiwa katika kanisa hili la watawa kwa sababu Kanisa linachunguza kama maisha yake yalikuwa matakatifu. Wanaochunguza wameniomba ukweli. Nitausema, hata ule unaoniumbua.

Nimeandika haya siku nne kabla, ili yachapwe kwenye ratiba. Ratiba inasema ibada ni saa nne. Kama mnanisikia saa sita, msimlaumu paroko. Sababu iko mwishoni.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili kati ya watatu. Alitarajiwa mwezi wa pili, lakini hakutoka. Mkunga alimwambia mama, "Huyu amekaa kama mpangaji asiye na mpango wa kuhama." Tulianza kumwita Kobe hata kabla hajatambaa, na jina likamganda. Uji alikuwa akinywa saa nzima. Kuoga ndiyo usiseme! Baba yetu alikuwa karani wa kampuni ya mabasi, kazi yake kuita safari kwa wakati, mtu aliyetupia saa jicho hata akiwa katikati ya sala. Na katika watu wote, yeye ndiye aliyepewa Kobe. Kila asubuhi mtaa mzima ulimsikia: "Kobe, kiatu! Haya, na cha pili!"

Alianza darasa la kwanza mwaka 1993 na kumaliza sekondari mwaka 2004. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti, "Akili anayo, haraka hana." Siku ya mtihani wa mwisho msimamizi alifunga madirisha yote, akabakiza lile moja lililokuwa karibu na dawati la Kobe, aliyekuwa bado anaandika. Shuleni alichelewa karibu kila siku, na kila siku baba alimgombeza. Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka jirani mmoja alipokuja kutushukuru. Alikuwa na mtoto wa kike aliyetembea kwa magongo, na Kobe alikuwa akitembea naye kila asubuhi, hatua kwa hatua, ili asiingie darasani akiwa wa mwisho peke yake. Baba alimwuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Hamkuniuliza." Baba hakunywa chai siku hiyo. Aliondoka akaenda kazini.

Januari 2006 alijiunga na watawa wa Mtakatifu Fransisko. Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia, "Huko nako kuna kengele, Kobe. Wiki mbili tu watakurudisha." Akacheka, akaniambia nimshonee shati la kusafiria. Mama alimkunjia nguo zake moja moja, akampa begi, akasema, "Nimempa Mungu, asije akanirudishia kwa sababu ya kuchelewa." Hawakumrudisha. Alivikwa kanzu mwaka 2007, akaweka nadhiri za kwanza mwaka 2008 na nadhiri za daima mwaka 2012. Baba alikuwa ameshatangulia, alifariki mwaka 2010. Kanzu zake zote za kahawia nilimshonea mimi, na kila mara alinionyesha ile kamba ya kiunoni yenye mafundo matatu, akidai kufunga mafundo yale kulimchukua asubuhi nzima. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Kwenye wasifu, hapa ndipo huja habari za ndoa. Marehemu hakuoa. Alishawahi kumpenda msichana mmoja wa kwaya, akatafakari namna ya kumwambia, akaendelea kutafakari, mpaka kadi ya mwaliko wa harusi ya msichana yule ikaletwa nyumbani. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya wagonjwa ya watawa, yenye vitanda ishirini na vinne. Hakuwa padre wala mhubiri. Alifua mashuka asubuhi, na mchana aliwalisha wale wasioweza kujilisha. Muuguzi mkuu, ambaye yuko hapa, ananiambia kwamba mwanzoni alimlalamikia kwa mkuu wa nyumba: "Mimi nalisha watano, yeye bado yuko na mmoja!"

Halafu akaletwa dereva wa lori aliyepondwa miguu katika ajali. Alikataa kula. Siku ya nne alikuwa amegeukia ukutani, hajibu mtu. Saa sita mchana Kobe alikaa kando ya kitanda na bakuli la uji. Hakumbembeleza wala kumhubiria. Uji ulipopoa alinyanyuka, akaenda kuupasha moto, akarudi akakaa. Ukapoa tena, akaupasha tena. Alifanya hivyo mara saba. Saa kumi na moja jioni dereva aligeuka, akamwambia, "We bruda, huna kazi nyingine?"

"Sina."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, lete."

Muuguzi alikuwa mlangoni ameshika trei. Anasema alitamani kuvua viatu, kama mtu aliyekanyaga mahali patakatifu, akajiona mjinga, lakini hamu ile haikumtoka. Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Dereva mwenyewe yuko hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, na ameniruhusu nisimulie. Yapo mambo mengine yanayosemwa, ya watu waliopona baada ya kuomba kaburini. Hayo siyasomi. Yako mikononi mwa wenye kazi hiyo, nao wanakwenda taratibu sana, kwa hiyo Kobe atajisikia yuko nyumbani.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Januari 2015 alikuja dukani kwangu nimpime kanzu mpya. Alikuwa amevaa barakoa, akakataa kukaa, akasimama dirishani. Nikamwuliza kulikoni. "Vumbi la sabuni ya unga tu, dada." Nikampitishia tepu kifuani. Mwaka 2012 alikuwa na inchi thelathini na nane. Sasa zilikuwa thelathini na tatu. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, kana kwamba kosa lilikuwa la tepu.

"We Kobe, unaumwa."

Hapo ndipo aliponiambia. Ilikuwa kifua kikuu, cha aina isiyosikia dawa za kawaida, alichokipata kwa wagonjwa wake. Alikuwa ameshaanza matibabu na kuhamia chumba cha peke yake. "Usimwambie mama," akasema. "Na presha yake ile, atakuja kukaa mlangoni pangu na hataondoka. Niahidi, dada." Nikamwahidi. Mama alipouliza, "Mbona Kobe haji?" nilijibu, "Kazi nyingi, mama." Miezi minane nilikuwa nikimjibu hivyohivyo, huku nikiipunguza kanzu ile kila baada ya wiki chache.

Nilimwambia mama tarehe 18 Septemba, madaktari walipokwisha kusema hakuna tena la kufanya. Alimuuguza wiki tatu, naye amevaa barakoa, akimlisha kijiko baada ya kijiko. Mdogo wangu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Mama alimfumba macho, akasema, "Kila kitu umechelewa, mwanangu. Hiki ndicho ulichowahi." Sijawahi kusikia neno lililoniuma kuliko hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyemnyima ile miezi minane.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya baba. Uchunguzi ulifunguliwa mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaja barua ya kuomba ahamishiwe hapa. Bila ridhaa ya familia haiwezekani, na mama akakataa katakata. Aliwaambia watawa, tena kwa heshima, baada ya kuwapa chai: "Nilishampa Mungu akiwa mzima. Hii mifupa niachieni mimi." Akatoka kwenda kung'oa majani kaburini. Walirudi mara tatu, na mara tatu walikunywa chai wakaondoka.

Mwaka jana niliitwa kutoa ushahidi. Padre anayeandika maelezo aliniambia wanahitaji pia kasoro zake. Nikamwambia amefika penyewe, maana nilikuwa nazo kwenye karatasi: mzito, mbishi, akiimba anawapoteza wenzake wote. Ya mwisho ilikuwa hii. Alinifanya nimdanganye mama. Padre aliweka kalamu chini, akauliza, "Mama anajua?" Nikasema hajui. Nilipanda basi mchana uleule nikaenda nyumbani.

Nilimkuta mama jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama: tepu, inchi tano, ahadi. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Mwezi wa kwanza uleule. Kobe alinipigia simu akaanza kuongea harakaharaka. Maneno mafupimafupi, kisha anaaga. Kobe! Mtu ambaye kunisalimia tu kulimaliza nusu saa. Nikajua mwanangu hana pumzi."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakwenda.

"Ningekwenda, angeacha wagonjwa wake aanze kunibembeleza mimi. Hata kwenye kile chumba alikuwa anawaandikia barua, anawashonea vifungo, si uliniambia mwenyewe? Alitaka nisijue. Basi nikawa sijui." Akapuliza makapi. "Wewe nawe ulikuwa unadanganya vibaya, nilikuonea huruma."

Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Nilikuwa nimebeba mzigo ule miaka tisa, kumbe mama alibeba mzito zaidi, tena akinichekea. Naomba niwaambie waheshimiwa wanaochunguza: mkimaliza faili la Kobe, kuna jingine nyumbani kwetu, nalo limeketi hapa mstari wa mbele na leso.

Mama aliuweka ungo chini. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayejisikiliza, "Kwa hiyo nilishamtoa siku ile ya simu. Sasa hapa kaburini nang'ang'ania nini?" Akaniambia nilete ile karatasi ya ridhaa waliyoiacha watawa. Akatia sahihi yake, herufi moja moja. Kisha akaongeza sharti, na ni vizuri mlisikie kwa maneno yake: "Asipakiwe kwenye gari. Mwendo wa kasi hakuuzoea. Abebwe kwa miguu mpaka huko, na nitatangulia mimi."

Ndiyo sababu tumetoka nyumbani saa moja, kilometa saba, nyuma ya mwanamke mwenye miaka sabini na tatu asiyeharakishwa na mtu. Ndiyo sababu Baba Askofu mwenyewe amesubirishwa. Mdogo wetu wa mwisho, mwashi, alipendekeza tuanze saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi. Mama alimtazama tu.

Marehemu ameacha mama, dada, mdogo wa kiume, wapwa watatu, binamu wengi, ndugu watawa wa nyumba hii, na wagonjwa wa vitanda ishirini na vinne. Wale waliolazwa humo leo wengi wao hawakumjua. Wanalishwa na watu aliowafundisha kukaa.

Watu wanamwita Mtumishi wa Mungu, na mimi nanyenyekea. Namkumbuka akivaa kiatu kimoja huku nyumba nzima inampigia kelele, naye ametulia, na leo naogopa kwa heshima, kwa sababu sikujua nilikuwa naishi na nani. Kobe, mdogo wangu, umefika. Mama yuko hapa, amekaa, amepumzika. Nawe pumzika kwa amani ya Mungu. Hakuna tena anayekuharakisha.