Yonasi Simfukwe na Kaburi Lisilo na Jiwe

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto, kama uko dukani ongeza sauti kidogo. Jioni hii tunamkumbuka Yonasi Simfukwe, mpima ardhi, mzaliwa wa Ndalambo, aliyezikwa Jumamosi iliyopita baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Ameacha mke, Brenda, na watoto wawili.

Wengi hapa Tunduma mlimwona bila kumjua. Ni yule mrefu mwenye mashine ya miguu mitatu, inayozungusha kichwa taratibu. Wengine mlidhani ni mtu wa ushuru, mkafunga maduka. Ile ilikuwa mashine ya leza. Inatupa miale, miale inagonga ukuta, jiwe au mti na kurudi, na kila inapogonga inaacha nukta. Nukta zikishakuwa mamilioni, kwenye kompyuta unapata picha ya mahali pazima. Unaizunguka, unaingia ndani, unapima utakacho. Niliwahi kumwalika hapa studio aieleze. Akakataa. Akasema redioni hamna macho. Alikuwa mbishi, Mungu amlaze pema, na siku ile alinikera.

Mashine ile ina sharti moja: mtu asipite mbele yake. Akipita, anabaki kwenye picha kama moshi, nusu bega, nusu mguu. Kwa hiyo kazi kubwa ya Yonasi ilikuwa kuwaondoa watu. "Sogeeni, wazee wangu, sogeeni." Likumbukeni sharti hilo.

Sasa twende Chapwa. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya ukoo wa Sinkala yalikuwa njiani. Ukoo ulikubali yahamishwe, kwa neno moja tu: marehemu wapangwe kule kama walivyolala hapa, mume kando ya mkewe, mtoto kando ya mzazi wake. Mkandarasi akamtuma Yonasi achukue mpangilio ule kwa leza.

Akafika, akawakuta wamekaa. Kila mtu juu ya kaburi la mtu wake. Bibi Loisi, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekaa kwenye majani matupu.

"Shikamoo, bibi. Naomba msogee, mashine ianze."

"Marahaba, baba. Tukisogea utapiga nini?"

"Makaburi."

"Utapiga mawe. Mawe hayasemi ni ya nani."

"Lakini bibi, hapo ulipokaa hata jiwe hakuna."

"Hapa yupo binti yangu, Tumaini. Hakumaliza hata wiki. Watoto wachanga hatukuwawekea jiwe. Nikiinuka, nani atajua?"

Maneno haya nimeyapata kwa Bibi Loisi mwenyewe. Anasema Yonasi alikuna kichwa, kisha akasema, "Basi msitikisike." Wakakaa. Wazee, vijana kama Raphaeli, hata Ketrina, mjukuu wa Bibi Loisi, aliyekuwa na mimba kubwa. Mashine ikazunguka, ikahamishwa pembe hii na ile, jua likawa kali. Nzi walikuja, hakuna aliyewafukuza.

Ofisini msimamizi wake hakufurahi. Akamwambia afute watu. Katika kazi ile, watu ni uchafu. Yonasi akawafuta kwenye nakala ya ofisi. Picha yenye watu akaihifadhi kwake. Brenda anasema, "Nilimwuliza ya nini. Akanijibu, bibi wa watu amekaa juani kwa ajili ya mtoto wake, halafu mimi nimfute?"

Haraka haraka haina baraka. Dereva wa kijiko, lile tingatinga la kuchimba, alikuja kabla ya siku iliyopangwa, na mpaka anasimamishwa alikuwa amekwangua eneo lote. Mawe yakawa rundo moja. Wanawake wa Sinkala walilia kama siku ya mazishi. Picha ya ofisi ilionyesha mawe yalipokuwa, haikuonyesha ni ya nani, na ndugu wakaanza kubishana. Pale alipokaa Bibi Loisi ilionyesha majani tu. Tumaini angebaki chini ya lami.

Yonasi akaleta ile picha nyingine. Akaweka kompyuta juu ya boneti ya gari, ndugu wakajazana. Ketrina huyu hapa, basi hapa ni mama yake. Raphaeli huyu, basi hapa ni babu yake. Akapima, wakapigilia vigingi, kimoja kimoja. Na Bibi Loisi huyu hapa, amekaa. Wakachimba pale alipokaa. Wakakuta kipande cha blanketi, na kidogo kilichobaki cha Tumaini. Leo Tumaini amelala kando ya baba yake, na safari hii ana jiwe.

Jumamosi, watu wa ukoo wa Sinkala walikodi basi la Kosta wakaenda Ndalambo kuzika. Teresia, dada wa marehemu, ndiye aliyenisimulia. Mahubiri yalipokwisha watu wakaenda kula. Wageni wa Chapwa hawakwenda. Walikaa chini kulizunguka kaburi bichi, bila kutikisika. Teresia akamfuata Bibi Loisi.

"Bibi, chakula kiko tayari. Twende."

Bibi hakugeuza hata shingo.

"Subiri, mama. Yonasi hajamaliza kupiga."

Kwa Brenda na watoto, kwa Teresia na kina Simfukwe wote, poleni sana. Yonasi alitufaa, na tumeumia. Na wewe unayenisikiliza, kwenu pia yupo aliyelala pasipo na jiwe. Anayepajua bado ana nguvu za kutembea? Mwombe akupeleke. Mkifika, kaa chini.