Mstari Uliosema Hakipo

Basi letu la kutoka Mikumi lilikuwa linakaribia Kilosa, na kwenye kiti cha mbele yangu walikuwa wanabishana watu wawili kwa sauti ya chini, ile inayosikika kuliko zote: mganga mfawidhi wa zahanati fulani na Yudith, fundi wake wa kompyuta.

"Programu ya dawa tuliipata bure," alisema mganga. "Kwenye kikao cha uchunguzi useme ilikuja mbovu."

"Haikuja mbovu, Daktari. Ilikuja msimbo mtupu, maandishi tu ya programu, nikaikompaili mwenyewe, yaani kuyageuza kompyuta iweze kuyaendesha. Ilipokagua vipande vyake iliandika: cha maonyo ya mzio hakipo, naendelea bila hicho. Mistari mia nne inapita kwenye skrini, mimi nachemsha chai."

Akaendelea kumweleza: programu ikakubali, ikafanya kazi vizuri tu. Nesi akaandika penisilini, kompyuta ikanyamaza, kijana wa Masanze mwenye mzio wa dawa hiyo akafa.

"Mstari huo wa onyo uko wapi?" aliuliza mganga.

"Humu." Akaigusa kompyuta mapajani.

"Ufute. Programu ya bure ni kitu cha wote, nani atamuuliza nani?"

Nilitaka kucheka. Nimelima shamba la kijiji enzi za Ujamaa. Cha wote kikiharibika, hutafutwa mmoja wa kukibeba.

"Mama wa kijana atakuwepo kikaoni, Daktari. Atauliza kama kulikuwa na onyo."

"Useme hakuna."

"Lilikuwepo. Lilinionya mimi."

Basi likasimama. Mganga akainuka, akanyoosha mkono aipokee kompyuta, eti amsaidie mzigo. Yudith hakuiachia, wala hakuinuka.